Alama Ambayo Kompyuta Haina

Lubumbashi Steshenari,
Sumbawanga.
Julai, 2003

Kaka yangu Raymond,

Shikamoo. Nakupa na nyingine ya akiba, maana Francistown ni mbali na hii ya kwanza inaweza kuchakaa njiani. Barua nampa dereva mmoja wa Tunduma, mtu wangu tangu nilipokuwa utingo, ataivusha Zambia mwenyewe na kuitia posta huko huko Botswana. Ikikufikia inanuka dizeli usimlaumu mtu, hayo ndiyo marashi ya marafiki zangu.

Habari za huko? Shemeji Jenifer hajambo? Watoto bado wanakumbuka Kiswahili, au wameshakuwa Watswana kabisa? Huku ni Julai, na Julai ya Sumbawanga unaijua: upepo unaingia kwenye mkono mmoja wa koti unatokea kwenye mwingine, na mtu akikuamkia asubuhi unaona salamu yake kama moshi. Mimi mzima. Nimenenepa, siku hizi mitumba yangu nachagua ya Wazungu wakubwa tu. Bertha hajambo, anauza vitumbua mbele ya duka na ananishinda kwa wateja. Kalista wetu yuko darasa la tatu. Mdomo amechukua wangu, akili namwombea achukue zako. Baba anakula vizuri. Habari zake nitazifikia, usiruke mistari.

Utauliza kwa nini nisipige simu, na simu ya mkononi ninayo, tena yenye kifuniko cha ngozi. Kaka, mambo mengine hayasemeki kwa kitu kinachokatika kila ukivuta pumzi.

Kwanza nikueleze mdogo wako amekuwa mtu gani. Uliondoka mimi ni wa kupanda juu ya magunia ya mahindi ya Laela. Leo nina steshenari, barabara ya kuteremkia stendi, na nina kompyuta. Niliipata kwenye mradi mmoja wa wafadhili uliofungwa. Wenzangu waligombania magodoro na majiko, mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, watu wakanicheka. Sasa wanaleta kwangu barua zao za kuomba kazi. Nachapa mikataba ya nyumba, matangazo ya parokia, kadi za harusi, risala za wageni rasmi. Nachapa kwa vidole vinne, lakini ukiwa nje ukisikiliza utadhani ni mvua juu ya bati. Form Two yangu ile ile uliyoinunia imenitosha kabisa.

Kazi kubwa ni mitihani. Shule za watu binafsi zimeota kila kona, na kila shule inataka mtihani wake. Sasa mtihani wa Hisabati, kaka, ndio uliokuwa unawashinda wachapaji wote wa mji huu. Kwenye kibodi kuna kujumlisha, kuna sawasawa, kuna kijistari cha kutoa, basi. Kipeuo hakuna. Pai hakuna. Sehemu ya kiasi juu na asili chini, hakuna. Kwa hiyo utaratibu wa hapa tangu enzi za taipureta ulikuwa mmoja: ukifika kwenye alama usiyokuwa nayo unaacha pengo, mwalimu anakuja na kalamu yake anajaza mapengo, ndipo karatasi inakwenda kuzungushwa kwenye mashine ya kurudufia. Mtoto wa Sumbawanga alikuwa anajua kabisa kwamba maneno yanatoka kwenye mashine na alama zinatoka mkononi. Mimi nilipofungua duka nikabandika tangazo mlangoni: KWETU HAKUNA MAPENGO. Nilibandika kwanza, namna ya kufanya nikaitafuta baadaye. Unanijua.

Basi mwaka jana, baada ya mavuno ya ulezi, Baba alikuja dukani. Alikuwa amevaa koti lake na tai, kama anakwenda kukaguliwa, na mkononi ana boksi la chaki. Alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi kitabu cha shule si lazima kitoke serikalini, mtu yeyote anaweza kuandika, kampuni yoyote ikachapisha, wizara ikikikubali kinaingia madarasani. Akasema amefundisha hesabu maisha yake yote kwa vitabu vya watu wengine, sasa anataka kuandika chake. Kiswahili kitupu, kwa watoto wa vijijini, na mifano iwe ya huku: debe la ulezi, ekari za Msanzi, mtumbwi wa Kasanga umepakia dagaa nusu na chumvi robo. Akauliza kama mimi ninaweza kuchapa.

Kaka Raymond, wewe ulikuwa unasifiwa kwa wageni. Mimi tangu nitoroke shule nikapande lori, Baba alikuwa ananisemesha kama mbuzi aliyeingia kwenye mahindi: maneno mafupi, na mkono uko tayari. Sasa amesimama mlangoni kwangu anauliza kama ninaweza. Nilimjibu kwamba hata akitaka kuandika hesabu za mbinguni nitachapa.

Karatasi hakuleta. Alisema hajawahi kufikiri kwa kalamu, anafikiri kwa chaki. Nikapaka rangi nyeusi mlango wangu wa bati kwa upande wa nje, ukawa ubao. Kila asubuhi anasimama barabarani anaandika, mimi ndani natazama kwa kuchungulia nachapa, naprinti, anasahihisha, anafuta kwa kiwiko cha koti, tunaendelea. Wapita njia walikuwa wanasimama. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na mikono wananyoosha.

Na mimi, usione hivi, nikazipata zile alama. Fundi mmoja alinifundisha kwamba ukishikilia batani ya Alt ukabonyeza namba za pembeni, vinatoka vitu ambavyo kwenye kibodi havijachorwa. Mbili tano moja ni kipeuo. Mbili mbili saba ni pai. Nilizikariri kama namba za magari ya polisi. Nilipotoa kipeuo cha kwanza Baba alivaa miwani, akatazama, akavua. Akasema hicho ni kipeuo kisicho na paa, namba zimekaa nje zinanyeshewa. Kweli bwana, ule mstari wa juu haukuwepo. Nikahangaika nao wiki nzima nimemkasirikia mke wangu bila kosa, mpaka nikagundua kwamba ndani ya kompyuta kuna chumba kizima cha kujengea milinganyo, wengine wanakaa nayo miaka hawajui mlango uko wapi. Nikatoa kipeuo chenye paa, namba zimejikunyata ndani salama. Baba alicheka, Raymond. Alicheka kwa sauti, akamwita Bertha aache vitumbua aje aone, akamwita na mwuza ndala wa jirani. Akawaambia huyu ni mwanangu, amekipa kipeuo paa. Nilitoka nje nikajifanya ninatafuta kitu.

Kuna siku nyingine tulikufa kwa kucheka. Unajua mji wetu na jina lake, na wageni wanavyotuogopa kwa uchawi. Sasa mlango mweusi, umejaa alama nyeupe, mzee mwenye koti anaandika anajisemea mwenyewe. Mama mmoja wa Msanzi akaingia kwa adabu zote, amekumbatia kuku mweusi, akaniuliza kama mganga yule pale nje anatibu na miguu kuwaka moto. Baba akamsikia. Akamkalisha, akamwuliza ana kuku wangapi nyumbani na wangapi wanataga, akamfundisha kutafuta wastani. Yule mama aliondoka na kuku wake, anasema mguu umepungua kuwaka.

Tulikwenda hivyo mpaka mvua zikaanza. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipanga nisikuandikie kitu mpaka kitabu kiwe kimechapishwa, ukipokee kwa posta, ufungue ukurasa wa mbele usome jina la Baba, na chini yake kwa herufi ndogo: Kimechapwa na Adolfu. Nilitaka ukae kwenye kiti cha huko Botswana uhesabu mwenyewe ni nani katika ukoo huu aliyeifanya kazi hiyo.

Kwenye sura ya nne ndipo ilipotokea ile alama.

Nimekuchorea pembeni mwa karatasi hii uione. Ni kama kiti cha kinyozi kilichoangushwa chali, kina mguu mmoja unaelekea juu, na nukta mbili ubavuni. Baba aliiandika kwenye bati bila kusita, kama anavyoandika kujumlisha. Nikatafuta kwa Alt, hakuna. Nikaingia kwenye kile chumba cha milinganyo, nikakifagia chote, hakuna. Nikamwuliza Baba inaitwaje. Akanitazama kama alivyokuwa ananitazama darasani, akasema kama nisingetoroka shule ningejua.

Nikaikopi kwenye gamba la pakiti ya sigara nikapanda basi mpaka Mbeya, kwa jamaa mmoja mwenye chumba kizima cha kompyuta, mtoto wa mjini kweli kweli. Tukafungua kila aina ya maandishi aliyokuwa nayo. Tukaona Kigiriki, tukaona Kiarabu, tukaona simu, mikasi, ndege, mioyo, misalaba. Kiti cha kinyozi hakuna. Jamaa akasema kompyuta zetu ni za zamani, huenda zile mpya zinayo. Nikarudi usiku wote nimesimama kwenye basi, nimeshaamini kwamba mashine yangu ni kopo. Na Baba wakati huo alikuwa anaitumia alama yake zaidi na zaidi. Mwanzo ilikuwa moja kwenye ukurasa, halafu moja kila mstari. Mimi niliyebandika tangazo nikaanza kuacha mapengo, naye anajaza kwa kalamu, mkono unatetemeka.

Mwishowe nikampelekea Ndalahwa. Unamkumbuka, yule kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake waliteremka na ng'ombe bondeni Rukwa, Baba akamleta shuleni kwake Laela akawa anakula kwetu kila mchana. Sasa ni mwalimu wa Hisabati sekondari hapa mjini, ana digrii, ana pikipiki. Nilimpa kurasa zote nikamwambia anitajie tu jina la alama, mengine aniachie. Alikaa nazo mpaka nikaanza kumtania kwamba digrii imeshindwa.

Alikuja Jumapili baada ya misa. Alianza kwa kusifu. Alisema sura tatu za mwanzo hajawahi kuona kitu kama kile, ule mfano wa debe la ulezi ameshauiba anafundishia. Kisha akawa anazungusha funguo za pikipiki. Nikamwambia bwana Ndalahwa, tema. Akasema ametazama vitabu vyake vyote vya chuo, alama ile haimo. Mimi nikaruka. Nikasema basi Baba ameivumbua, si ndivyo wanavyofanya wakubwa wa hesabu, nikaanza hata kufikiria itaitwaje kwa jina la ukoo wetu. Ndalahwa hakucheka. Alinifungulia ukurasa ule wa kwanza wa sura ya nne, akaweka kidole, akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma. Robo tatu ukitoa nusu ni sawasawa na, halafu kile kiti.

Akaniuliza jibu ni nini. Nikasema robo.

Akafungua pengine. Saba mara nane, na kile kiti. Nusu ya ishirini, na kile kiti. Akasema, "Kaka Adolfu, Mwalimu anaiweka pale anaposahau."

Raymond, mimi ninabadilisha kwacha kwa shilingi kichwani huku ninaongea na polisi. Robo tatu kutoa nusu hata Kalista anaijua. Na nilikuwa nimeupitia ukurasa ule sijui mara ngapi, nimesafiri nao mpaka Mbeya, na sikuona. Nilikuwa nachapa maumbo ya alama, hesabu yenyewe sikuwa nasoma. Kila mtu aliona mlango wangu, mji mzima, na mimi nilikuwa nalaumu kompyuta. Kurasa za mwisho kabisa Ndalahwa hakunifungulia, nilizifungua mwenyewe alipoondoka. Namba zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa alama ile tu, mstari baada ya mstari, na katikati yake sawasawa, sawasawa, sawasawa.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza tarehe, akamwuliza rais ni nani, akamwambia achore saa. Baadaye akaniita pembeni akasema ubongo wa mzee unasinyaa, ni ugonjwa wa kwenda mbele tu, na dawa ya kuurudisha haiko hapa, haiko Mbeya, haiko Dar. Nilimwuliza na Botswana? Akasema wala Botswana. Alikuwa kijana mpole, hakunificha.

Ndalahwa alijitolea akimalizie kitabu. Nikamleta dukani ili Baba amsikie mwenyewe. Baba alimpokea vizuri, akamwuliza ananunua nini. Ndalahwa akasema, "Mwalimu, ni mimi, Ndalahwa." Baba akasema Ndalahwa ni mtoto mdogo, yuko darasani Laela, na akaomba asimsumbue wakati wa kazi. Yule bwana mkubwa na pikipiki yake alitoka nje akashindwa kuiwasha. Hajarudi tena, na sina la kumlaumu.

Tunaendelea kuchapa, ndiyo. Asubuhi anakuja na chaki, anaandika, mimi nachapa. Umeme ukikatika nachapa hivyo hivyo kwenye kioo cheusi, maana akisikia vitufe vinalia anatulia, visipolia anaanza kutafuta njia ya kwenda Laela kufundisha. Mara mbili tumemtoa barabarani. Sasa tangazo langu nimelibandua.

Kaka, nimezunguka sana, na wewe unajua mimi nikizunguka kuna kitu. Sasa nakuambia.

Kabla ya Pasaka Baba alianza kuniita Raymond. Mara ya kwanza nilidhani amekosea ulimi, nikamwambia, "Ni Adolfu, Baba." Akasikitika sana, akawa kama mtu aliyepotezewa kitu mkononi. Kesho yake akaniita tena, na mimi nikaitika.

Na nimeitika tangu siku hiyo. Mimi ni Raymond. Ananiuliza wanafunzi wangu wa Botswana wanaendeleaje na jometri, namwambia wanajitahidi. Ananishika bega. Anawaambia watu stendi kwamba huyu ndiye mwanangu msomi, hakuniangusha hata siku moja. Sikujua kwamba ndivyo ilivyo kuwa wewe. Inapendeza, kaka. Nilitakiwa kukuandikia wakati ule ule wa Pasaka, na nimechelewa mpaka leo, wala si kwa sababu ya kazi. Nilijua ukija nitavuliwa jina lako.

Wiki iliyopita nikapata ujinga. Tulikuwa peke yetu, amekaa kwenye kiti cha wateja, amechangamka. Nikamwuliza kama ana mtoto mwingine. Akasema yupo, mdogo. Nikamwambia aniandikie jina lake. Akainuka na chaki yake, akaenda mlangoni, akasimama muda mrefu. Kisha akaandika, bila kutetemeka, vizuri kabisa kama zamani. Aliandika kile kiti, na zile nukta mbili ubavuni.

Sikufuta. Alifuta mwenyewe kesho yake ili aanze somo.

Daktari anasema hata hili la kuniita Raymond halitadumu, jina lako nalo litakwenda. Ndiyo maana nimeandika, ili ulikute lingali mdomoni mwake. Omba likizo ya Agosti, uje. Pitia Tunduma, pale kila dereva ananijua, taja jina langu tu utapata kiti cha mbele bure. Ukifika usiende nyumbani, njoo moja kwa moja dukani, asubuhi ndipo anapokuwa na nguvu. Nitainuka kwenye kiti, ukae wewe mbele ya kibodi. Huenda asikujue, na hapo tutakuwa wageni wawili na tutafute pa kwenda kunywa. Lakini akikujua atafurahi, kisha atanitazama mimi nimesimama pale, na atakuuliza huyu ni nani. Usitafute maneno, na usilie mbele yake. Mwambie ni mchapaji tu.

Bertha anakuamkia, na Kalista anauliza kama Botswana kuna vitumbua. Msalimie sana shemeji Jenifer na watoto, uwaambie wana babu. Ukiweza kuja na koti zito lije pia, baridi ya mwaka huu haina utani.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Adolfu